Waya Uliokatika Mara Nne: Safari Yetu ya Muheza na Amani



Aghlabu mtu aandikapo habari za safari huwaeleza wenziwe juu ya miji mikubwa aliyoiona, bahari alizozivuka na majumba yaliyomstaajabisha. Safari yetu sisi si ya namna hiyo. Ni safari ya kiasi cha kilomita 35 tu, kutoka Muheza hadi Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, mkoa wa Tanga. Safari ambayo katika mwaka 2016 tulikuwa tukiifunga kila wiki kwa pikipiki. Tumeona yafaa kuiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzuri wa njia yenyewe. Ya pili ni somo tulilolipata njiani kwa sababu ya waya mmoja mwembamba, uliotukatikia mara nne, na ambao kwa ajili yake tulimdhulumu mtoto.

Kazi yetu ni kusomesha chuo. Kama ijulikanavyo, watoto wa chuo hupumzika Alhamisi na Ijumaa. Basi Alhamisi tulikuwa tukipanda mlimani kuwasaidia ndugu zetu wa kijiji kimoja kilicho mbele kidogo ya Amani, ambao watoto wao walikuwa hawana mwalimu. Tulilala huko, tukasali Ijumaa pamoja nao, na alasiri tukarejea Muheza. Pikipiki tuliinunua mkononi mwa mtu, nayo ilikuwa imekwisha kutumika miaka kadhaa.

Muheza ni mji wa machungwa. Msimu ukifika, kando ya barabara hujaa mafungu na magunia, na malori hupakia usiku na mchana, mengine yakienda Dar es Salaam na mengine yakivuka mpaka kwenda Kenya. Upande wa kwenda Tanga ni nchi ya mkonge. Mmea huu si wa asili ya kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, naye alisafirishiwa miche 1,000 kutoka Marekani, lakini iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyoipa Tanga jina duniani. Twaomba msomaji aukumbuke mkonge huu, kwa kuwa kamba yake itatufaa baadaye.

Ukiiacha Muheza na kuelekea milimani, barabara ya wakati ule ilikuwa ya udongo mwekundu na mawe. Mwanzo hupita katika minazi, michungwa na mihogo, kisha nchi huanza kuinuka, na hewa hubadilika. Ukivuka kijiji cha Kisiwani hufika Zigi, mahali pa mto ujulikanao kwa jina hilo hilo, ambao maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kunywesha mji wa Tanga. Katika zama za Wajerumani palikuwa na reli ndogo iliyotoka Tengeni, karibu na Muheza, ikaja mpaka hapa kuchukua mbao. Reli imekwisha kutoweka zamani, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ilitengenezwa upya ikawa mahali pa kupokelea wageni wa Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa na serikali mwaka 1997, na yenye ukubwa wa hekta 8,380.

Kutoka Zigi kwenda juu ni mwinuko mtupu. Njia hujikunja kama nyoka katika msitu mnene, kona baada ya kona, upande mmoja jabali na upande wa pili bonde. Mwenye pikipiki hapa hana raha ya kutazama ndege. Kila kona yamtaka aminye klachi, ateremshe gia, aachie, kisha aminye tena. Mvua ikinyesha, udongo huteleza kama sabuni. Ukifika Amani, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, baridi hukupokea hata kama Muheza umeacha jua kali. Hapo Wajerumani walianzisha mwaka 1902 kituo cha elimu ya mimea na kilimo, wakapanda miti kutoka sehemu nyingi za dunia, na mingi ingalipo mpaka leo. Mbele yake kuna mashamba ya chai ya Monga na Kwamkoro, na katika bustani za wanavijiji mna iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, hata mtu akipita asubuhi hunusa harufu ya biriani isiyopikwa. Kati ya mawe yenye kivuli huota ua dogo la zambarau, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alipeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, na leo hupandwa madirishani huko Ulaya na Marekani. Nasi wenye nchi twapita juu yake bila kulitazama.

Basi hiyo ndiyo njia. Sasa tuje kwenye waya.

Klachi ya pikipiki ni kifaa kinachounganisha na kutenganisha nguvu ya injini na gurudumu. Penye usukani, upande wa kushoto, pana mkono wa kuminya. Mkono huo umeshikana na waya wa chuma uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, nao hupita ndani ya ala yake mpaka kwenye injini. Ukiminya, waya huvuta, na injini huachana na gurudumu, ukapata nafasi ya kubadili gia. Ufundi huu wa waya unaovuta ndani ya ala ni wa zamani. Ernest Monnington Bowden aliuandikisha Uingereza mwaka 1896. Nao ni ufundi mwepesi, usiotaka mambo mengi. Walakini waya ukikatika, pikipiki yote huwa mzigo.

Mara ya kwanza ulitukatikia sokoni Muheza. Fundi alitutilia mwingine kwa muda wa robo saa, tukalipa, tukasahau. Mara ya pili ulikatika kona za juu ya Zigi, mvua inanyesha, nasi tukaisukuma pikipiki katika tope mpaka viatu vikatuvuka. Fundi wetu wa mjini akatuambia, "Maalim, waya huu ulikuwa wa bei rahisi. Nunua ulio mzuri." Tukanunua ulio mzuri, kwa bei iliyozidi mara mbili. Na tangu siku hiyo tukawa tukichukua na waya wa akiba chini ya kiti.

Ule mzuri ulidumu wiki tisa. Ulikatika asubuhi ya Alhamisi mlangoni petu, hata hatujaondoka. Fundi akasema labda ulikosa oili, na labda tumeukaza kupita kiasi. Akautia oili mpya, akaulegeza kidogo. Lakini sisi, Mungu atusamehe, tulikuwa tumekwisha pata maelezo mengine yaliyotupendeza zaidi.

Palikuwa na mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 11, aishiye na bibi yake. Kila Jumatano baada ya alasiri alikuwa akituoshea pikipiki, kwa mapenzi yake mwenyewe, maana alipenda sana vyombo vya moto. Siku hiyo mwanafunzi mwingine akatujia akasema, "Maalim, jana nilimwona amekaa juu ya pikipiki anaminya minya klachi, anajifanya bodaboda." Kwetu hayo yakawa ushahidi uliotosha. Tulimwita mbele ya wenziwe, watoto kiasi cha 40, tukamwambia ameharibu mali ya mwalimu wake. Akasema, "Wallahi Maalim, nilikaa, lakini sikuharibu kitu." Tukamjibu kwa ukali asiongeze kiapo juu ya uwongo, tukamkataza kuigusa pikipiki, na baadhi ya wenziwe wakamcheka. Mtoto hakulia. Alirudi mahali pake akakaa, akafunika juzuu yake. Jumamosi hakuja chuoni. Wala wiki ya pili hakuja. Tulipopeleka salamu kwa bibi yake tuliletewa jawabu kuwa mtoto haumwi.

Na jambo la kuaibisha ni hili: katika wiki zile zile tulikuwa tukiwafasiria wanafunzi wakubwa Suratul Hujurat, tukiwaeleza kwa urefu amri ya kuhakikisha habari kabla ya kuwatendea watu kwa ujinga, mtu asije akajuta. Ulimi wetu ulikuwa ukisema hayo, na sisi wenyewe hatukuyasikia.

Waya wa nne tuliulinda kama yai. Pikipiki ililala ndani ya nyumba, mlango umefungwa, mtoto hata mmoja hakuikaribia. Ulidumu wiki saba. Alhamisi moja, baada ya sala ya adhuhuri, tukiwa tumezipita kona tatu au nne juu ya Zigi, mkono wa klachi ukalegea ghafula katika vidole vyetu. Tulijua hata kabla ya kutazama.

Waya wa akiba tulikuwa nao, spana hatukuwa nazo. Tukaizima injini, tukaigeuza pikipiki, tukateremka nayo pole pole kwa breki mpaka Kisiwani, ambako tulionyeshwa kibanda cha mzee mmoja fundi. Mzee huyu alikuwa ametumika miaka mingi katika karakana ya shamba la mkonge, na baada ya kustaafu akawa akitengeneza baiskeli, majembe, mashine za kusaga na chochote kiletwacho. Alitupokea kwa heshima, akatupa kigoda, akatuletea maji. Tukamkabidhi waya mpya, tukamwomba afanye upesi maana tunangojwa na watoto mlimani.

Akauweka waya mpya pembeni, akauchukua uliokatika.

"Maalim, huu ni wa ngapi?"

"Ni wa nne, mzee wangu, na mwaka haujaisha."

"Na hiyo mitatu iliyotangulia iko wapi?"

Tukamjibu kuwa mibovu tumeitupa, ya nini kuiweka? Mzee akacheka kidogo, akaelekeza kidole nyuma ya pikipiki. "Hukuitupa yote. Mfuko wako wa vitabu umeufungia nini?" Tukatazama, na kweli, mfuko ulikuwa umefungwa kwa waya wa tatu, ule wa bei kubwa.

Akaufungua, akaiweka miwili ile sambamba juu ya ubao. Yote miwili ilikuwa imekatika mahali pamoja, upande wa juu, chini kidogo tu ya kile kichwa kidogo cha madini kikaacho katika tundu la mkono wa klachi. Akasema, "Hii imekufa ugonjwa mmoja. Waya mbovu hukatika popote. Lakini waya unaokatika kila mara mahali pamoja, mwenye kosa si waya. Ni yule anayeushika."

Kisha akatufundisha kusoma ncha za waya, kama sisi tunavyowafundisha watoto herufi. Akasema waya ukivutwa kwa nguvu nyingi kwa mara moja mpaka ukakatika, ncha ya kila uzi hujivuta ikawa nyembamba kama ncha ya mshumaa. Hizi zilikuwa butu, na hazikulingana kwa urefu. Yaani nyuzi zilikatika mmoja mmoja, siku baada ya siku, mpaka zilizobaki zikashindwa kubeba kazi. Na katika waya uliokatika siku ile ile aliona jambo la pili: ncha nyingi zilikuwa zimekwisha ingia weusi, na chache tu zilikuwa zikimeta. Zile nyeusi zilikuwa zimekatika zamani, nasi hatuna habari.

Akatwaa kipande cha kamba ya katani kilichokuwa juu ya dari. "Maalim, kamba ya kisima hukatika wapi? Katikati?"

Tukasema la, hukatika penye fundo la ndoo.

"Kwa nini? Uzito si ule ule kamba nzima?"

Hatukuwa na jawabu. Akasema, "Kwa sababu penye fundo ndipo inapokunjwa. Uzito hauiui kamba. Kukunjwa mahali pamoja kila siku ndiko kunakoiua. Na chuma ni kamba vile vile."

Baada ya hapo akautia waya mpya, lakini kwa muda tu, ili apate kuchungua. Akauacha upande wa injini bila kuufunga, akauvuta kwa mkono ndani ya ala yake. Ulikwenda laini. Akasema basi oili haina kosa. Akaufunga, akageuza usukani kulia kabisa, kisha kushoto kabisa, akitazama kama waya unakazwa au unabanwa mahali. Haukubanwa. Akasema basi njia ya waya haina kosa. Akaujaribu mkono wa klachi na kuona kuwa ncha yake yasogea kidogo kabla waya haujaanza kuvuta. Akasema basi haukukazwa kupita kiasi. Kisha akatuomba kalamu.

Kwa kalamu yetu akapiga mstari mmoja mwembamba, ukianzia juu ya kile kichwa cha waya na kuvuka mpaka juu ya mkono wa klachi. "Sasa minya, Maalim, na macho yako yawe hapa." Tukaminya. "Mstari umekatika?" Haukukatika. Ulibaki mmoja, umenyooka. "Hapo ndipo penye ugonjwa," akasema. "Mkono unazunguka, waya hauzunguki. Kichwa hiki yapasa kijigeuze katika tundu lake kila uminyapo, ili waya ubaki umenyooka. Kisipojigeuza, waya wenyewe ndio unaokunjwa hapa shingoni. Ukiminya unakunjwa, ukiachia unakunjuliwa."

Akaufungua mkono wa klachi akautazama mwangani. Ulikuwa si wa pikipiki ile. Pengine mwenye kuimiliki kabla yetu alianguka, mkono ukavunjika, akatiliwa wa pikipiki ya namna nyingine. Tundu lake lilikuwa dogo kwa nywele moja tu. Hapo tukakumbuka kuwa kila mara fundi wetu wa mjini alipotia waya mpya, alikuwa akikipiga kile kichwa kwa nyundo ndogo, taratibu, ndipo kiingie. Tuliona kwa macho yetu mara tatu, wala hatukuuliza kwa nini.

Tulipiga hesabu. Tukikadiria kuwa twaminya mara kumi tu kwa kila kilomita, basi kwenda Amani na kurudi ni mara 700. Katika wiki saba ni karibu mara 5,000 za kuukunja waya mahali pale pale. Ni chuma gani kitakachostahimili hayo? Baadaye mwalimu mmoja wa sekondari alitueleza kuwa jambo hili wataalamu walilichungua zamani: mhandisi August Wöhler, wa reli za Prussia, katika miaka ya 1850 na 1860 alijaribu vyuma vya magurudumu ya garimoshi, akaonyesha kuwa mzigo ambao chuma huubeba bila taabu mara moja waweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi. Mzee wa Kisiwani alikuwa hakusoma habari za mhandisi huyo. Alikuwa amesoma kamba.

Mzee akatwaa tupa ya duara, akalipanua tundu kidogo kidogo, akalisugua kwa msasa mpaka likawa laini, akapaka grisi, akakitia kichwa cha waya kwa kidole, pasipo nyundo. Akapiga tena mstari wa kalamu. Tukaminya, na mstari ukakatika vipande viwili, kimoja kikaenda huku na kimoja huku. Akatuagiza tukifika mjini tununue mkono ulio sawa na pikipiki yetu, kwani tundu lililopanuliwa kwa tupa hulika upesi. Ujira alioutaka ulikuwa mdogo hata tukaona haya.

Tulipokuwa tukiaga, neno lilikuwa limetukwama kooni, tukalitoa. "Mzee wangu, mtoto akikaa juu ya pikipiki akaminya klachi kwa mchezo, yawezekana akaukata waya?"

Akatutazama kwa mshangao. "Maalim, klachi kazi yake ni kuminywa. Mtu huharibu mlango kwa kuufungua? Hata akiminya mara mia, hiyo si safari yako hata ya kufika hapa."

Tukapanda mlima. Njia ilikuwa ile ile na msitu ule ule, na klachi ilikuwa nyepesi kuliko siku zote, lakini moyo ulikuwa mzito. Mambo yote aliyoyafanya mzee yule kwa waya, sisi hatukuyafanya hata moja kwa mwanadamu. Hatukumwuliza mtoto alifanya nini hasa. Hatukuuliza mbona waya wa kwanza na wa pili ilikatika kabla yeye hajaanza kuosha pikipiki. Hatukuitazama ncha. Fundi wa mjini alibadili waya na kuuacha mkono. Sisi tulimlaumu mtoto na kuiacha pikipiki. Kosa ni moja.

Siku ya pili tuliporejea Muheza hatukupita nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa bibi yake. Tulibisha hodi, tukakaribishwa, tukakaa juu ya mkeka. Mtoto alikuwa uani. Aliitwa, akaja, akatoa shikamoo, tukaitikia, naye akasimama akitazama chini. Tukamwambia, "Mwanangu, waya haukuuharibu wewe. Ulikuwa ukikatwa na mkono wa klachi usio wake. Sisi tulikukosea, na tumekuja kukuomba radhi."

Bibi yake akasema kwa upole, "Maalim, mwalimu ni mzazi. Yamekwisha."

Tukamwambia, "Hayajaisha, mama. Tulimwaibisha mbele ya watoto 40. Radhi ya uani haitoshi kwa aibu ya chuoni."

Mtoto hakusema neno. Alitoka, akarudi na gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa na usukani mrefu wa kuendeshea kwa kusimama. Usukani ule ulikuwa ni waya wetu wa kwanza, ule uliokatika sokoni, aliouokota tulipoutupa. Tukautazama upande wa juu. Ulikatika pale pale, chini kidogo ya kichwa. Ushahidi wa kumwokoa ulikuwa mkononi mwake muda wote, naye hakujua, na sisi tuliopaswa kuutafuta hatukuutafuta.

Jumamosi alikuja chuoni. Kabla ya somo tulisimama tukawaeleza watoto wote habari nzima, tangu waya mpaka mstari wa kalamu, tukasema wazi kuwa mwalimu wao alihukumu bila kuhakikisha, na kuwa mwenzao alisema kweli alipoapa. Yule aliyetuletea habari naye tulimtuliza, maana hakusema uwongo. Alisema aliloliona, sisi ndio tuliolizidisha. Tuliogopa kuwa heshima yetu itapungua. Haikupungua. Wiki ile watoto watatu walitujia kukiri makosa madogo ambayo hatukuwa tukiyajua.

Sasa twaelekeza maneno yetu kwa vijana wetu, na hasa wale wanaotafuta riziki kwa pikipiki, kwa kuwa kipande kinachoharibika mara kwa mara hula faida ya mwezi mzima, na katika mteremko chaweza kula hata roho.

Kwanza, usikitupe kipande kilichovunjika. Kiweke, na kikivunjika cha pili, vilinganishe. Vikiwa vimevunjika mahali pamoja, acha kulaumu duka.

Pili, tazama jirani zake. Waya una jirani wawili, juu na chini, na ala katikati. Mnyororo ukilika upesi, tazama meno yanayouvuta na kama gurudumu limekaa sawa. Spoki zikikatika upande mmoja, tazama mzigo unaopakia na kama nyingine zimelegea.

Tatu, jaribu jambo moja moja. Ukibadili mambo matatu siku moja na ugonjwa ukapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Nne, kitu kinachoingia kwa nyundo mahali ambapo yapasa kiingie kwa kidole, kiulize kwa nini.

Tano, mara moja kwa mwezi piga mstari wa kalamu pale penye kichwa cha waya, uminye, utazame. Kama mstari haukatiki, tia grisi au mwone fundi kabla hujapanda mlima. Na ukiona uzi mmoja tu umechomoza, ubadili waya siku hiyo hiyo. Usingoje wa mwisho.

Nasi wazazi na walimu tuongeze la sita: mtoto akikosea jambo lile lile mara kwa mara, tusiharakishe kusema kuwa yeye ni waya mbovu. Pengine ni kwetu, tunaomshika, ndiko tundu lilikobana.

Mkono mpya wa klachi tuliununua wiki ile. Waya ule uliotiwa Kisiwani haukukatika tena. Tuliiuza pikipiki katika mwaka 2018 ukiwa mzima, baada ya safari za Amani zaidi ya hamsini, na tulimwonyesha mnunuzi namna ya kupiga mstari wa kalamu. Aliyekuwa kando yetu akimweleza, kwa maneno mazuri kuliko yetu, alikuwa yule mtoto, naye wakati ule alikuwa na miaka 13.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amlipe kheri mzee wa Kisiwani, na atupe sote macho ya kutazama kabla ya ulimi wa kuhukumu. Amin.